Sakafu Haijafa, Imelowa

Katika majengo mengi ya zamani jijini Nairobi mna sakafu za mbao ngumu, zilizopangwa vipande vipande juu ya saruji. Zilizo bora ni za muhugu, mti wa misitu kama Karura na Ngong, ambao umekatwa mno kwa mbao na kwa vinyago hata kuupata leo si rahisi. Ajabu ni kwamba baada ya mafuriko ya Aprili 2024 niliona sakafu za aina hii zikitupwa jalalani, na mahali pake pakatiwa vigae.

Yangu iliponea chupuchupu. Maji yalilala ndani usiku kucha, na baada ya siku chache kingo za mbao zikainuka, kila kipande kikawa kama sahani. Seremala alitazama, akasema, "Mwalimu, hii imekufa. Tuipige msasa leo leo." Nami, ninayewafundisha vijana habari za sitiari, nikasadiki kwamba ubao hufa jinsi redio inavyokufa!

Ubao hunywa maji ukatanuka kwa upana, wala si kwa urefu. Chini kukiwa na unyevu kuliko juu, kingo hupanda. Ukizikwangua wakati huo, ubao ukaja kukauka, kingo huzama na katikati hubaki nundu. Ndivyo kilivyoharibika chumba changu cha kulia. Sebule, ambayo iliokolewa na ukosefu wa fedha tu, niliiacha madirisha wazi. Kufikia Septemba vipande vingi vilikuwa vimelala sawa, na vilivyong'oka vikagandishwa upya.

Hata hivyo, mafuriko huja mara moja moja. Adui wa kila siku ni bomba linalovuja ukutani, mfereji wa paa ulioziba, na ile ndoo ya maji inayomwagwa kila asubuhi katika ofisi za umma eti sakafu inapigwa deki. Mbao hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Kipo kipimo kidogo chenye sindano mbili ambacho huonyesha unyevu ulio ndani ya ubao. Ukizidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu hupata nafasi ya kuozesha. Kwa hivyo, kabla ya zabuni yoyote ya vigae kutiwa sahihi, mkandarasi na aulizwe: kipimo kilisoma ngapi, na maji yalitoka wapi?