Mama wa Marehemu Hana Neno Mahakamani

Ndugu zetu wa Visiwani wavukao bahari hadi Tanga, kisha wakapanda Korogwe na Handeni kwa biashara au kuzuru jamaa, hurudi kwao na lalamiko moja: kwamba huku Bara mkosaji hukabidhiwa polisi, na aliyekosewa akaambiwa arudi nyumbani. Baadhi ya maofisa wa Serikali nao, walisikiapo neno sharia, fikira zao hukimbilia upanga na mkono uliokatwa. Pande zote mbili zingefaa kulichungua jambo hili upya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wazima wawili wagombana mnadani Mkata, mmoja amchoma mwenziwe kisu, naye afariki. Kwa sharia ya Kiislamu, ikithibiti kuwa alikusudia kuua, haki ni ya warithi wa marehemu: waweza kudai kisasi, waweza kupokea diya, waweza kusamehe kabisa, na Kurani, katika sura ya Al-Baqara, yawaonyesha njia ya msamaha. Katika sheria tuliyoirithi kwa Mwingereza, mwenye kesi ni Jamhuri. Mama wa marehemu huitwa kuwa shahidi, iwapo analo la kushuhudia, basi. Mshtakiwa akipatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu humlazimisha jaji kutamka kifo. Hata mama akisimama na kulia kwamba amesamehe, maneno yake hayaibadili hukumu. Msamaha umewekwa mikononi mwa Rais kwa ibara ya 45 ya Katiba ya 1977. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Novemba 2019 kwamba kumnyima jaji hiari hiyo ni kukiuka haki ya kuishi.

Basi ni upande upi ulio mkali?

Tena kiboko hakikuletwa na kadhi. Wazee wa mashamba ya mkonge ya Korogwe walisimuliwa na baba zao habari za hamsa ishirini, viboko 25 vya Mjerumani, vilivyoratibiwa kwa amri ya 1896. Na tusijisahau wenyewe: Sheria ya Adhabu za Chini ya 1963, iliyotungwa na Bunge letu huru, iliamuru viboko 24, nusu mfungwa aingiapo gerezani na nusu atokapo. Iliyotungwa mwaka 1972 badala yake iliviacha.

Kwenye zinaa tofauti ni pana zaidi. Kwa Mwislamu ni dhambi mbele ya Mungu, yenye adhabu nzito; lakini huthibitishwa kwa mashahidi wanne walioona kwa macho, na amsingiziaye mwanamke mwema asiweze kuwaleta hupigwa yeye mijeledi 80. Wengi huitaja adhabu ile wakaisahau hii! Kwa watu wa Magharibi wa leo, ni siri ya nyumba. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 haikufuata upande wowote: ilimruhusu mwenye ndoa kudai fidia ya ugoni, ikakataza fidia hiyo isiwe ya kuadhibu, na ikaitaka mahakama itazame desturi ya jamii husika, iwe ya Wazigua au ya Wasambaa.

Hatusemi diya irudishwe kama ilivyo. Tajiri aweza kuinunua damu ya maskini, na familia yenye njaa, mwaka wa ukame Handeni, yaweza kusamehe kwa sababu ya gunia la mahindi. Hoja hiyo ni nzito, na kwa ajili yake twaona Jamhuri ibaki kuwa mshtaki. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 tayari imeziruhusu mahakama kupatanisha watu katika makosa madogo ya kibinafsi, na kuamuru fidia. Mahakimu wa wilaya hizi mbili waitumie pasipo woga. Bunge nalo limpe jaji hiari yake, na kabla hajatamka adhabu, aliyefiwa aulizwe.

Ndugu wa Visiwani wasidhani kuwa wamepona. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya Zanzibar ya 2017 inahusu ndoa, talaka, mirathi na mambo ya jinsi hiyo. Muuaji hapelekwi kwa kadhi. Lalamiko walilobeba kutoka Korogwe walifikishe pia kwa Baraza la Wawakilishi.