Chemirocha si kosa la kusikia

Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipofika Kapkatet, Kenya, na mitambo yake ya kunasa sauti, wasichana wa Kipsigis walimwimbia Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi huku kwenye majani chai. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana walimgeuza kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Wapo wanaocheka mpaka leo, ati washamba hawakuielewa gramafoni. Mimi naona kinyume. Asiyeelewa huiga, na katika wimbo wao hakuna gitaa. Mna nyuzi za kinubi na sauti nyembamba zinazopokezana. Walichukua jina tu, wakalitia ulimi wao. Mtunzi wa leo wa Bomet, anayehangaika kati ya kinanda cha studio na asili yake, anakitafuta kitu kilekile. Utaambiwa kanda ya Tracey ni ya enzi za mkoloni na ilihifadhiwa Afrika Kusini. Kweli, na ndiyo maana kurejeshwa kwa nakala vijijini mwaka 2014 hakutoshi: redio za Kikalenjin ziipige katikati ya nyimbo za kisasa, bila hotuba.