Breki Hazifeli, Sisi Ndio Tunazifelisha

Jamani, leo nina la moyoni, na naanza kujisema mwenyewe.

Kuna sentensi nimeshaiandika gazetini mara nyingi mpaka vidole vimeikariri: "Chanzo cha ajali ni gari hilo kufeli breki." Afisa anaisema, mimi naiandika, mhariri anaipitisha, wewe unaisoma na kutikisa kichwa: kudra za Mungu. Hakuna anayeuliza swali la pili. Zilifeli kwa nini? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?

Mimi nilianza kuuliza siku zangu zilipotaka kuniua. Nilikuwa natoka Rondo kufuata habari, nashuka kurudi Lindi mjini na Corolla yangu ya mtumba, abiria watatu ndani. Mguu ulikuwa kwenye breki karibu njia nzima. Mara pedeli ikawa laini kama sponji, kisha ikazama. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono taratibu, nikaegesha pembeni huku miguu inatetemeka. Tukakaa kama nusu saa. Nilipojaribu tena, breki zilikuwa zimerudi kama vile hakuna kilichotokea!

Kesho yake fundi akaikanyaga pedeli, akacheka. "Mbona ziko safi, kaka?" Akafungua kikopo, mafuta meusi kama kahawa, akaongezea kidogo, akafunga. Na mimi msomi nikamshukuru.

Sasa sikilizeni. Mafuta ya breki tunayotumia wengi, DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya chumvi ya mezani hapa kwetu pwani: yanafyonza unyevu wa hewani. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Ikishakunywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Ukiwa kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga mvuke, gari haisimami. Zikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedeli inakuwa ngumu tena. Ndiyo maana fundi haoni kitu, na mkaguzi naye anaweza asione kitu.

Kwa hiyo hilo neno "ghafla" tunaloliandika magazetini ni uongo. Ghafla gani ya kitu kilichokuwa kinaoza miaka sita?

Watengenezaji wengi wa magari wanashauri mafuta haya yabadilishwe kila miaka 2 au 3, hata kama hayajapungua. Nasema YABADILISHWE, siyo yaongezwe. Sisi tunaongeza tu. Tuna pesa ya rimu, ya spika, ya stika ya Nenda kwa Usalama kubandika kwenye kioo. Chupa ya mafuta ya breki, ambayo bei yake haifiki ya kujaza tangi, hatuna.

Najua mtaniambia: hiyo kazi ya fundi, wewe mwandishi kaa na kalamu yako. Nawaheshimu mafundi. Lakini fundi anafanya ulichomwomba, na sisi tunaomba "ongezea tu." Halafu kazi yenyewe nimeifanya uani, mimi na binamu yangu. Unanyonya mafuta machafu kwenye kikopo kwa bomba la sindano, unajaza mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Unaanza na tairi la mbali zaidi, kwa gari zetu nyingi za usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha nyingine ndani ya chupa. Mwenzako anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, machafu yanatoka, unafunga, ndipo anaachia. Kikopo kisikauke hata mara moja. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji haraka, yanababua. Machafu usimwage mchangani wala baharini, ni sumu. Na pedeli ikibaki laini, gari isitoke uani, mwite fundi. Hata gari za ABS, soma kwanza kitabu chake.

Mafuta ya usukani nayo nilibadilisha siku hiyo hiyo. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF, ile nyekundu. Hayo yakiisha usukani unakuwa mzito, lakini bado unakata kona. Breki hazina huruma hiyo. Na ole wako uchanganye: ATF kwenye kikopo cha breki inavimbisha mipira yote ya mfumo, na hapo umejichimbia kaburi kwa mkono wako. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuwa eti "oili ni oili."

Wazee wa Kivinje hawakusoma chuo kikuu kama mimi na wewe. Lakini nahodha anapandisha jahazi, analikalafati na kulipaka sifa kabla ya msimu, wakati bado linaelea vizuri tu. Hangoji livuje katikati ya mkondo ndipo aseme kudra. Kudra ni Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichotukatia barabara ya Dar hapa Kilwa. Mafuta meusi kwenye kikopo si kudra, ni uvivu.

Mimi nimeshajiapiza: nikiambiwa tena breki zilifeli, nauliza swali la pili na jibu nitaliandika, mhariri akilikata shauri yake. Na wewe, kabla hujaenda Dar wiki hii, fungua boneti uangalie rangi.

Naomba kuwasilisha.