Mwindaji Ahitaji Miguu Kabla ya Magurudumu Manne

Katika nchi ambako uwindaji wa kujifurahisha ungali halali, kama vile Marekani na jirani yetu Tanzania, kuna mjadala usiokwisha miongoni mwa wawindaji. Je, mtu aendaye porini kuwinda ahitaji gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne, au aweza kufanikiwa kwa gari la kawaida ambalo magurudumu mawili tu ndiyo yanayosukuma? Huenda msomaji wa Kenya akauliza swali hili latuhusu nini, ilhali serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji wa aina hiyo mwaka 1977. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, nyika zetu ni miongoni mwa mahali ambapo gari la mwindaji lilijaribiwa tangu mapema. Pili, wageni wajao siku hizi na kamera badala ya bunduki huwafuata wanyama kwa magari ya aina ile ile, na madhara yake yamekwisha kuonekana.

Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi mwindaji hahitaji gari la magurudumu manne. Analolihitaji ni jambo jingine kabisa, nalo haliuzwi katika duka lolote la magari.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu. Kitenzi “kuhitaji” na nomino “haja” vyote vina asili moja katika Kiarabu. Haja ya kweli ni kitu ambacho kikikosekana, shughuli iliyokusudiwa haiwezekani. Kutaka ni jambo tofauti. Mkulima ahitaji mvua, ataka trekta. Bila mvua hakuna mavuno, lakini mavuno yalikuwapo karne nyingi kabla ya trekta kubuniwa. Wenye kutangaza biashara huishi kwa kuufuta mpaka baina ya maneno haya mawili, na mwanafunzi asiyefundishwa kuuona mpaka huo atakuwa mteja wao maisha yake yote. Basi na tulipime swali la mwindaji kwa kipimo hiki.

Yafaa kwanza tuelewe magari haya hufanya nini. Katika gari la kawaida, nguvu ya injini hupelekwa kwa magurudumu mawili, ya mbele au ya nyuma. Baina ya magurudumu hayo kuna chombo cha kugawa nguvu, ambacho mafundi hukiita difu. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja: gurudumu moja likikanyaga utelezi, nguvu hukimbilia huko huko kwenye utelezi, na gurudumu hilo huzunguka bure huku lenzake lililo juu ya ardhi ngumu likibaki limetulia. Dereva yeyote aliyekwama matopeni amewahi kuuona mchezo huu. Gari la magurudumu manne husaidia kwa kuyapa kazi magurudumu yote, na mengi yana gia nzito za ziada ziwezeshazo gari kupanda mlima mkali polepole bila kuisonga injini.

Huo ni msaada wa kweli, nami siudharau. Lakini ni msaada wenye mipaka. Gari hilo halisimami upesi zaidi, kwa kuwa magari yote yana breki katika magurudumu manne. Halishiki kona vizuri zaidi likiwa na matairi yaliyokwisha. Tumbo lake likikalia kilima cha udongo kilicho katikati ya njia, magurudumu manne yatazunguka bure kama mawili. Matairi yenye meno, tumbo lililoinuka, koleo, mnyororo na dereva ajuaye kusoma ardhi vina uzito mkubwa zaidi katika safari nyingi za porini. Aidha, madereva wazoefu wana hekima moja inayofaa kukaririwa: ingia porini kwa magurudumu mawili, na ya nne uyawekee akiba ya kukutoa. Anayeyatumia yote manne kuingilia hukwama kama wengine, ila yeye hukwama mbali zaidi na msaada.

Sasa tuitazame historia. Kabla ya mkoloni, na hata baada ya kuja kwake, Waata wa nyika ya Tsavo waliwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Walikwenda kwa miguu. Walijua upepo, nyayo, kinyesi na vidimbwi vya maji, na ujuzi huo ndio uliowafikisha hatua chache kutoka kwa mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909, akasafiri kwa reli, kwa farasi na kwa miguu pamoja na mamia ya wapagazi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500. Yeyote adhaniaye kwamba uwindaji hauwezekani bila gari na autafakari mzoga huo wote.

Katika miaka ya 1920 magari yaliingia katika misafara ya wawindaji wa Kenya. Yalikuwa magari ya kawaida yaliyojengewa mabodi ya mbao nyuma, nayo yalisukumwa kwa magurudumu mawili tu. Ndiyo yaliyovuka nyanda na mito mikavu wakati wa akina Denys Finch Hatton, aliyemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika safari ya mwaka 1928. Land Rover ya kwanza haikuonyeshwa hadharani hadi mwaka 1948. Kwa hiyo kizazi kizima cha wawindaji waliosifika duniani kilimaliza kazi yake bila gari ambalo leo twaambiwa hakuna mwindaji awezaye kulikosa.

Kuna ushahidi mwingine ambao Wakenya wa rika langu hawahitaji kuusoma vitabuni. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, nayo yalijulikana ulimwenguni kwa matope, vumbi na mawe. Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe ilishinda mwaka 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Magari yote hayo yalisukumwa kwa magurudumu mawili. Haikuwa hadi mwaka 1987 ambapo Hannu Mikkola alileta ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne, Audi 200 Quattro.

Mpinzani wangu atasema, na ana haki ya kusema, kwamba tangu mwaka huo magari ya magurudumu manne ndiyo yaliyotawala mashindano. Ni kweli. Lakini mashindano hupimwa kwa dakika na nukta, na mwindaji hakimbizani na saa. Mshale wa saa ukiondolewa katika hesabu, faida kubwa ya gari hilo hupungua mno.

Mpinzani huyo ana hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Atauliza: je, mvua ikinyesha juu ya udongo mweusi, ule unaonata na kuvimba hadi gurudumu likageuka donge? Je, theluji ya milima ya Colorado na Montana? Je, nyati aliyeuawa ndani ya Pori la Akiba la Selous, mwenye nyama ya mamia ya kilo ambayo itaoza kabla ya jioni? Hapa nakubali bila kusita. Katika hali hizo gari la magurudumu manne laweza kuwa haja halisi, na pengine laokoa maisha. Mwongoza wageni ambaye riziki yake ni kuingia pori kama hilo siku baada ya siku hapaswi kuchekwa kwa kulimiliki. Lakini ni wawindaji wangapi wako katika hali hizo? Wengi huwinda karibu na barabara zilizotengenezwa, kwa siku chache za mwaka, na siku zilizosalia gari lao zito hunywa petroli likiwapeleka kazini na sokoni. Kununua gari kwa ajili ya siku tatu na kuligharimia kwa siku 365 ni hesabu ambayo mwalimu wa darasa la nne angeitia alama ya kosa.

Hata hivyo, gharama ya mfukoni si ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kuna gharama anayoilipa mnyama. Tangu zamani mnyama wa porini ana ngao kubwa kuliko pembe na kasi: umbali. Pale ambapo miguu ya binadamu ilichoka, ndipo usalama wake ulipoanzia. Gari liwezalo kufika popote huing’oa ngao hiyo. Finch Hatton mwenyewe, ambaye riziki yake ilikuwa kuwawindisha matajiri, aliliona jambo hili, na mwaka 1929 aliandika katika gazeti la The Times la London akilaani watu waliokuwa wakiwapiga simba wa Serengeti wakiwa ndani ya magari. Huko Marekani, Aldo Leopold, mwindaji na msomi wa misitu, alisababisha sehemu ya msitu wa Gila katika jimbo la New Mexico itengwe mwaka 1924 isipitiwe na barabara. Mwaka 1964 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuhifadhi maeneo ya namna hiyo, ambamo mwindaji huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa farasi, wala si kwa gari. Nao utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika msitu wa Starkey, jimbo la Oregon, umeonyesha kwamba kulungu wakubwa waitwao elki huzihama sehemu zilizo karibu na barabara zipitazo magari. Hiki ndicho kinaya chenyewe: mwindaji hununua gari la kumkaribisha kwa mnyama, na gari hilo hilo humsogeza mnyama mbali naye.

Turudi nyumbani. Kenya hatuwindi kwa bunduki, lakini tunawinda kwa kamera, na gari la magurudumu manne ndilo farasi wa uwindaji huo. Katika Maasai Mara kanuni humkataza dereva kuiacha njia ili kumfuata mnyama, lakini gari lake lampa uwezo wa kuiacha, na bahasha ya mgeni yampa sababu. Duma mmoja huzingirwa na magari mengi hata akakosa pa kupita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Mara ulionyesha kwamba majike waishio mahali penye watalii wengi walilea hadi kujitegemea wastani wa mtoto 0.2 kila uzazi, ilhali wale wa mahali penye watalii wachache walilea watoto 2.3. Hapakuwa na risasi hata moja. Magari yalitosha.

Ndiyo sababu nasema swali la magurudumu mawili au manne si swali dogo la watu wenye fedha. Ni swali la kiasi. Gari la kawaida lina adabu moja ambayo mwenye gari lile jingine yampasa kujilazimisha: hukufikisha mwisho wa barabara, likakwambia shuka. Kuanzia hapo watumia macho, masikio na subira, na mnyama apata nafasi yake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumaanisha kwamba majembe yote ni sawa. Walimaanisha kwamba ajuaye kulima hulima kwa alilo nalo, na kwamba anayekesha akilinganisha mipini bado hajaanza kazi.

Ninawasihi walimu walipeleke swali hili darasani, hata kama hakuna mwanafunzi atakayewahi kushika bunduki. Litafaa kwa midahalo na kwa insha. Kila mwanafunzi asemapo “nahitaji”, naye aulizwe: ni haja ya nani, mahali gani, kwa siku ngapi, na ni nani mwingine atakayeilipia? Swali hilo la mwisho lisisahauliwe, kwa kuwa mlipaji mara nyingi hayumo darasani wala barabarani. Yumo kichakani, amejibanza na watoto wake, akisikiliza mngurumo wa injini ukikaribia.