Mpeni kijana upinde wa mkono wake wa leo

Likizo kubwa ikikaribia, wazazi wa hapa Buyenzi, Bujumbura, hunijia karakanani na ombi lile lile: "Fundi, kijana ameshakuwa mkubwa, mchongee upinde wa nguvu." Mimi ni seremala. Riziki yangu ni vitanda na milango, lakini kuchonga pinde nilifundishwa na babu yangu kule Cankuzo, na kila kiangazi vijana wanapopanda bara kwa bibi zao huwa nina mti wa mkole unaokauka kivulini. Kwa hiyo suala hili nalijua, na nina neno kwa wazazi wenzangu.

Baba wengi hufikiri hivi: mtoto ana miaka 14, mwakani atakuwa na misuli, basi tumpe upinde wa mtu mzima aukute. Shati la kaki la shule linunue kubwa, mtoto atalifikia. Upinde ni habari nyingine, maana tangu siku ya kwanza unavutwa kwa bega alilonalo. Na bega la umri huo bado linajengwa. Karibu na kiungo kuna gegedu laini ambako mfupa unarefukia, na kwa wavulana wengi halijafunga kabla ya miaka 16. Mtwishe uzito usio wake, akiurudia kila jioni, ataumia mahali ambapo jicho halioni.

Kuna jambo ambalo wazazi wakilisikia hushangaa. Kijana akija namsimamisha ukutani, ananyoosha mikono pande mbili, napima kutoka ncha ya kidole kirefu cha kulia hadi cha kushoto, kisha nagawanya kwa mbili na nusu. Hapo napata mvuto wake, yaani urefu anaoweza kuvuta upote mpaka shavuni. Mwenye mikono ya sentimita 160 ana mvuto wa sentimita 64. Mwaka ukigeuka amefika 170, mvuto umekuwa 68. Sasa, kwa upinde wa mti, kila sentimita mbili na nusu za mvuto huongeza ratili mbili mpaka tatu za uzito wa kuvuta. Upinde uliokuwa wa ratili 25 mwaka jana, leo unamvuta kwa ratili 29 au karibu na hapo, na hakuna aliyeugusa kwa randa. Kijana anakua na upinde unapata nguvu pamoja naye. Mzazi anayekuja kuniomba mwingine, mara nyingi namwambia arudi nyumbani na ule ule wa zamani.

Ila uchongwe kwa hesabu. Upinde wa mti mtupu uwe na urefu angalau mara mbili ya mvuto, na kwa mtoto anayerefuka mimi huongeza zaidi, la sivyo siku mikono itakaporefuka utavunjika mbele ya uso wake. Mishale nayo ibadilishwe. Mshale uliokuwa unatosha mwaka jana, leo ncha yake inaweza kuingia nyuma ya upinde na kumtoboa mkono unaoushika. Wazazi huuliza habari za upinde tu. Kuhusu mshale hakuna anayeuliza, na mshale ndio unaotoboa.

Wanaojua kulea wapiga upinde kuliko sisi sote wako jirani, Tanzania, kando ya ziwa Eyasi. Wahadzabe humpa mtoto wa kiume upinde mdogo akiwa na miaka kama mitatu. Anaanza na ndege na wanyama wadogo, na kadiri anavyokua anashika upinde mkubwa kidogo, kisha mkubwa kidogo tena. Upinde wa mwanamume wao aliyekomaa hufika ratili 70, karibu kilo 32, uzito ambao vijana wengi wa mjini hawataufikisha hata kidevuni. Yule bwana hakuamka asubuhi moja akaubeba. Alipanda ngazi zote tangu utotoni.

Na hata huko, nguvu peke yake haiangushi mnyama mkubwa. Wahadzabe hupaka mishale yao sumu ya miti. Waata wa Tsavo, Kenya, walikuwa na pinde zilizopita ratili 100, za kutisha kweli, na waliwinda tembo hadi serikali ya kikoloni ilipowaandama katika miaka ya 1950. Nao pia walitegemea sumu, na walimnyemelea tembo mpaka wakawa karibu naye kabisa. Shabaha na uvumilivu vilitangulia, nguvu ikafuata. Anayetaka mfano wa leo atazame Korea Kusini. Wanawake wao wamechukua dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu 1988 mpaka 2024, na pinde za wanawake wa kiwango hicho huwa za ratili 40 na kitu. Wanasimama mita 70, wanalenga duara la sentimita 12.2. Sasa mtoto wetu wa miaka 14 anahitaji ratili 50 za nini?

Wengine hunijibu: za kuwindia. Hapa niseme wazi. Kuwinda katika hifadhi za Kibira, Ruvubu na Rusizi ni marufuku, na wanyama waliobaki katika nchi hii ndogo ni wachache mno kwa mtoto kufanyia majaribio. Kijana wa Bujumbura anatakiwa kulenga fungu la nyasi lililokazwa vizuri, nyuma yake kuwe na mlima au ukingo wa udongo, na mtu mzima awepo. Si katikati ya avenyu za Buyenzi, ambako ukuta wa huyu ndio jiko la yule. Hata upinde mwepesi hupeleka mshale zaidi ya mita 100.

Ndugu zetu walioko Canada na Ubelgiji nao wameanza kuleta pinde za kiwandani, zile zenye kapi kwenye ncha mbili. Mjomba anatuma kwa mapenzi, nami namheshimu, lakini anatuma uliokazwa kwa ratili 60. Kapi hizo hupunguza uzito mwishoni mwa mvuto tu. Mwanzoni kijana lazima azibebe ratili zote 60. Akishindwa anainua upinde kuelekea mbinguni ili apate nguvu, mwili unapinda mgongoni, na mshale ukimponyoka hapo hajui utaangukia kwa nani. Mjomba, tafuta upinde unaorekebishika. Zipo zinazoanzia ratili 15 na kupanda hadi 60 au 70 kwa kuzungusha skrubu zake, na mvuto wake hubadilishwa pia. Huo atautumia mpaka aoe.

Mzazi unaweza kumpima mwenyewe. Mketishe kwenye kiti, miguu iguse chini, upinde uelekee mbele sawasawa. Avute polepole bila kuuinua, ashike mpaka uhesabu kumi, kisha aurudishe taratibu bila kuachia upote, kwa sababu upinde ukiachiwa bila mshale unaweza kupasuka. Mkono ukitetemeka kabla ya kumi, mzito huo. Akimaliza mazoezi yote ya jioni na mshale wa mwisho ukaenda sawa na wa kwanza, muongezee ratili mbili, tatu, zisizidi nne, kisha mwache nazo miezi kadhaa. Binti akitaka naye, kipimo ni hicho hicho.

Nawaomba basi, wazazi wa Buyenzi, Bwiza na Kamenge: mkija kwangu mwezi wa saba, njooni na kijana mwenyewe. Bila kupima mikono yake sichongi.