Njia za baiskeli Bonde la Kilombero zisisahauliwe



Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo halitajwi sana mikutanoni, nalo ni njia za baiskeli katika Bonde la Kilombero. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha bonde hilo, upande wa milima ya Udzungwa, na baiskeli ndicho chombo changu cha kila siku.

Kwa msomaji ambaye hajafika huku, nieleze kidogo. Mto Kilombero unapita katika tambarare pana sana, Udzungwa ikiwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Vijiji vingi vya upande wetu vimejipanga chini ya mlima, kando ya barabara na reli ya TAZARA, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba. Lakini mashamba ya mpunga yako chini bondeni, kilomita nane, kumi, hata zaidi kutoka nyumbani. Vijito vinavyoshuka mlimani lazima vikate njia zetu kabla ya kuufikia mto, na masika yakikolea sehemu kubwa ya tambarare hugeuka maji. Mpunga unayataka maji hayo, lakini watu nao wanataka kupita.

Katika mazingira hayo baiskeli si starehe. Mtu akishuka basi Ifakara atajionea mwenyewe: baiskeli ndiyo inayobeba gunia la mpunga, kuni, mkungu wa ndizi, mama mjamzito anayewahi zahanati, na watoto wawili nyuma kwenye kerea.

Serikali imefanya kazi kubwa na ni haki isemwe. Zamani kwenda ng'ambo ya mto tulitegemea kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Leo lipo Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, na kutoka Kidatu hadi Ifakara kuna lami. Lakini lami haitashuka mpaka shambani, wala hatuiombi ishuke. Huko chini njia zitabaki kuwa za changarawe na udongo kwa miaka mingi, na hizo ndizo ninazozisemea.

Ugumu wenyewe ni kwamba barabara ya changarawe hupimwa kwa gari. Akaguaye huja kwa gari, akapita, akaona gari halikukwama, akaandika kwamba barabara inapitika. Hakuna anayeipima kwa baiskeli yenye gunia nyuma. Changarawe ikiwa na mawe ya ukubwa wa ngumi, gari litapita na vumbi lake, lakini mpanda baiskeli atashuka na kusukuma. Changarawe iliyo nzuri ina kokoto ndogo na udongo kiasi wa mfinyanzi wa kuzishika, inamwagiwa maji na kushindiliwa mpaka ikakaa. Ikimwagwa na kutandazwa tu na greda bila kushindiliwa, baada ya wiki chache magari yanasukuma kokoto pembeni, na huko pembeni ndiko baiskeli inakopaswa kupita. Ndiyo maana katika barabara nyingi za vijijini utaona kijia chembamba cha tairi moja nje kabisa ya barabara, ng'ambo ya mtaro, kimelainika kama sakafu. Hicho ndicho barabara halisi ya wananchi walio wengi. Greda linapokuja kuchimba mtaro mpya, kijia hicho ndicho cha kwanza kufutwa, na kalavati linapojengwa kuta zake hubana kiasi kwamba gari likitokea mwenye baiskeli hana pa kukimbilia.

Hapa niseme jambo ambalo huenda likawachekesha baadhi ya wasomaji. Wenzetu wa Ulaya na Marekani siku hizi wanaiacha lami kwa makusudi na kwenda kutafuta changarawe ili wapande baiskeli. Huko Emporia, Kansas, kuna mashindano ya namna hiyo tangu mwaka 2006, mbio zake kuu zikiwa za kilomita zipatazo 320. Mwaka 2022 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli za changarawe nchini Italia, na majirani zetu wa Kenya tangu mwaka 2021 wana mbio zao huko Maasai Mara. Baiskeli hizo za fedha nyingi hufungwa tairi za upana wa milimita 40 au zaidi kidogo. Tairi la Phoenix ya mkulima wa Kilombero, lile la inchi 28 kwa 1½, lina upana wa karibu milimita 40 hizo hizo. Babu zetu walikwisha kulitambua tairi linalofaa bila kuambiwa na mtu. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na sasa wapo wanaosema bonde letu nalo liwekewe njia za wageni wa baiskeli. Sipingi. Ila njia itakayomfaa mkulima mwenye gunia itamfaa na mgeni, na itakayochorwa kwa ajili ya mgeni peke yake itaishia kwenye lango la hoteli.

Linaloniuma zaidi ni shule. Msimu wa kilimo ukianza, familia nyingi huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu mpaka mavuno, kwa sababu mpunga usipolindwa huliwa na ndege na nguruwe. Watoto hufuata wazazi. Daftari langu la mahudhurio kuanzia Februari hujaa alama za utoro, na mtoto wa darasa la nne akirudi Juni amekwisha kusahau hata kugawanya. Tumeitisha vikao, tumetisha kwa sheria ndogo, tumewaita wazazi ofisini. Jibu lao ni moja: njia ingepitika, mtoto angelala kijijini kwa bibi yake na baba angekwenda na kurudi kwa baiskeli. Kilomita kumi za njia iliyokaa vizuri ni kama saa moja hata ukiwa na mzigo. Njia ikikatika, ni nusu siku nzima ya kuzunguka, na maji kiunoni.

Nimeipita njia yetu mara nyingi nikihesabu. Sehemu kubwa yake haina tatizo lolote. Mahali panapoivunja ni panne tu: vijito viwili, mfereji mmoja, na bwawa la tope zito la mfinyanzi ambalo hujaa kwenye spoki mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Kutengeneza mahali hapo panne hakuhitaji fedha za kutengeneza barabara nzima. Kwenye vijito ni drifti ya zege ya upana wa mita moja na nusu, ambayo maji yakizidi yatapita juu yake bila kuibomoa. Kwenye mfereji ni daraja la mbao lenye mikono pande zote mbili. Kwenye tope ni mawe yapangwe, si kumwagwa.

Wapo wanaotaka tuta kubwa lijengwe kutoka barabarani mpaka mtoni. Waangalie sana. Tuta refu lisilo na makalavati ya kutosha huzuia maji upande mmoja na kuyanyima upande wa pili, na bonde hili tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Na wapo wanaosema zama za baiskeli zimekwisha kwa kuwa pikipiki zimejaa. Pikipiki inataka petroli kila siku, na njia ikiharibika mwenye bodaboda hupandisha nauli mara mbili au hukataa kabisa kwenda. Mwanafunzi na bibi kizee nauli hiyo wataitoa wapi?

Ninaloomba kwa wenye dhamana ya barabara ni kwamba changarawe yoyote itakayotandazwa bondeni ishindiliwe, iachiwe ukanda laini wa mita moja pembeni kwa ajili ya baiskeli, na makalavati yarefushwe ili ukanda huo usikatwe. Kabla ya kazi kupokelewa kutoka kwa mkandarasi, mkaguzi aazime baiskeli hapo hapo kijijini na aipite kilomita moja. Njia za mashambani nazo ziingizwe katika mipango ya halmashauri, kwa kuwa hivi sasa hazimo kwenye ramani ya mtu yeyote.

Kazi ya vijito ifanywe kati ya Agosti na Oktoba maji yanapokuwa chini. Katika kijiji chetu mkutano umekubali kila kaya itoe siku mbili za kazi, na mawe yamekwisha kukusanywa kando ya kijito cha kwanza. Tunachosubiri ni saruji, nondo na fundi mmoja wa kutuelekeza.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilombero, Morogoro.