Ndimi Zetu na Vipimo vya Kuazima

Wapo wasomi wanaodai kwamba masomo ya uzamili katika tiba ya usemi na lugha ni anasa ya nchi tajiri. Dai hilo ni potofu. Mwalimu wa darasa la kwanza anamjua mtoto wa kigugumizi. Mtumishi wa serikali anamjua mwenzake aliyepatwa na kiharusi, anayeelewa kila aambiwalo lakini neno halimtoki. Wananchi hao huitwa wajinga au mabubu, kumbe walichokosa ni mtaalamu.

Wengine, wajanja zaidi, husema vijana wachache wapelekwe ng'ambo, basi. Ni kweli kwamba chama cha wataalamu wa fani hii Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1925, hakimpi mtu cheti chake bila shahada ya uzamili na saa 400 za mazoezi chini ya msimamizi. Bidii hiyo haina lawama. Lakini vipimo anavyofundishwa kijana huko vimetungwa kwa watoto wa Kiingereza, ambao kasoro yao ya lugha hutambulikana, pamoja na mengine, kwa kudondosha mwisho wa kitenzi cha wakati uliopita. Kiswahili hubeba wakati ndani ya kitenzi, na ngeli hutawala sentensi nzima: kiti kikubwa kimevunjika, viti vikubwa vimevunjika. Mtoto wetu hukosea wapi, na akifika umri gani kosa hilo si utoto tena bali kasoro? Kitabu cha kigeni hakijibu. Tena mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi r na l husema "karamu" akikusudia kalamu. Kipimo cha kuazima kitamwandika mgonjwa. Si mgonjwa hata kidogo, ingawa darasa zima humcheka.

Makerere ilianzisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 2008, na inastahili heshima. Uzamili ndio utakaozaa vipimo vyenyewe: wanafunzi wakusanye usemi wa watoto wa Tanga, Mwanza na Unguja, waandike tasnifu zao kwa Kiswahili, na madaktari wazitumie. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi nzima ya taaluma za Kiswahili. Muhimbili kuna madaktari wa masikio, pua na koo. Kati ya Mlimani na Muhimbili kuna safari ya daladala, si bahari. Wanaopitisha mafungu ya fedha za masomo ya ng'ambo wawaeleze wananchi kwa nini safari hiyo fupi haigharimiwi kwanza.